Ninavyokosoa banda la mnyama bila kumwonea mtu

Lawama ninayoikuta mara nyingi kuhusu bustani za wanyama ni "banda dogo mno". Huenda ni kweli, lakini msimamizi akiisoma hajui ni dogo kwa kiasi gani, kwa mnyama yupi, wala afanye nini kesho asubuhi kabla hajapata fedha za kubomoa ukuta. Kwa hiyo ukubwa naupima, ila nauandika baada ya mambo mengine.

Kupima ni rahisi. Pima mita 20 kwa tepu nyumbani, zitembee, hesabu hatua zako. Watu wazima wengi hupata sentimita 70 hadi 75 kwa hatua. Ukifika bustanini unatembea kandokando ya uzio na kuzidisha. Upande usiofikika unapimwa kwa rula ya Google Earth. Picha ya simu isikupe vipimo hata kidogo: lenzi pana hulifanya banda lionekane uwanja, na ukivuta picha kutoka mbali, kila kitu husongamana hadi uzio unaonekana kama umemgusa mnyama mgongoni.

Wapo wanyama ambao kwao ukubwa wenyewe ni hoja. Mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walionyesha kwamba wanyama walao nyama wanaozunguka maeneo makubwa porini ndio wanaopata shida zaidi wakifungiwa: wanakwenda na kurudi bila kukoma, na watoto wao wengi hufa. Kwa dubu wa ncha ya kaskazini, eneo la kawaida analopewa ni kama sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analotumia porini. Hapo huna haja ya kuzunguka maneno. Lakini kwa nyani au sokwe mtu, mita za mraba za sakafu husema kidogo kuliko kimo na idadi ya mahali pa kukalia huko juu.

Kazi yangu kubwa ni nusu saa ya kukaa kimya. Nachora safu kwenye daftari: kula, kulala, kutembea, kwenda na kurudi, kushughulika na mwenzake, haonekani. Kila dakika inapogonga natazama mara moja na kutia alama moja kwa kila mnyama, kwa kile anachofanya wakati huohuo, si alichofanya sekunde kumi zilizopita. Mbinu za namna hii zilipangwa vizuri mwaka 1974 na Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, kwa sababu jicho la mtu huvutwa na kinachosisimua. Bila alama, simba aliyezunguka kwa dakika nne atakumbukwa kama simba aliyezunguka asubuhi nzima. Ukiwa nazo unaandika: "Kati ya saa 4:10 na 4:40 asubuhi, jike alikuwa akienda na kurudi kwenye uzio wa mashariki katika alama 11 kati ya 30." Sentensi hiyo haibishaniwi, na mtu mwingine anaweza kwenda kuihakiki.

Kisha nauliza saa ya kulisha. Kwenda na kurudi muda mfupi kabla ya nyama kuletwa ni tofauti na kwenda na kurudi mchana kutwa, kwa hiyo narudia hesabu saa nyingine. Nauliza pia mnyama alitoka wapi, kwa maana tabia ya kujirudiarudia inaweza kubaki hata baada ya kuhamishwa kutoka mahali pabaya, na banda jipya likabebeshwa dhambi za lile la zamani. Njia iliyochakaa kandokando ya uzio, ardhi ikiwa imekwanguka na kuwa ngumu pale anapogeukia, ni sababu ya kukaa na kuhesabu. Peke yake si ushahidi, kwani hata paka wakubwa wa porini hukagua mipaka yao.

Safu ya "haonekani" ndiyo wageni wanaoichukia. Mimi naihesabu kuwa sifa ya banda. Mnyama asiye na mahali pa kujificha macho ya watu hana namna ya kupumzika, hata akiwa na ekari nzima.

Mambo mengine husomwa vibaya kila siku. Simba akilala saa 20 kwa siku hajachoka na maisha, ndivyo simba walivyo. Mamba aliyetulia huku kaachama anasawazisha joto la mwili. Maji ya kiboko kuwa ya kahawia ni jambo la saa chache baada ya kubadilishwa, maana kiboko hunya majini. Cha kuuliza ni kama maji yanatoka na kuingia, na kama ana nchi kavu yenye majani ya kula usiku. Duma jike kukaa peke yake si unyanyasaji, porini pia huishi peke yake au na watoto wake. Kinyume chake, twiga anayelamba nguzo au ukuta bila kuacha huwapita watu wakicheka, na hiyo ndiyo dalili ya kuandika: mara nyingi inaambatana na kukosa matawi ya kuchuma kwa ulimi. Tiba yake haihitaji mkandarasi. Matawi mabichi ya mgunga yafungwe kwenye nguzo, mita 3.5 au 4 kutoka ardhini, mara kadhaa kwa siku badala ya rundo moja asubuhi.

Kivuli ndipo penye makosa mengi kwetu, na yanatokana na jua letu. Dar es Salaam mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba limevuka na kuwa kusini, kama nyuzi 17. Ukuta uliotia kivuli safi ndani ya banda siku ya ufunguzi mwezi Juni, Desemba saa sita mchana unamwaga kivuli hichohicho nje ya uzio, kwa wageni. Nikiona hivyo naandika mwezi na saa, na kupendekeza paa jepesi la makuti au wavu wa kivuli katikati ya banda, lenye nafasi ya wanyama wote kulala bila kugusana. Kivuli kimoja kwa wanyama watatu maana yake ni kivuli cha mbabe, na mnyonge anabaki juani. Vyombo vya maji na mahali pa kulia hufuata hesabu hiyohiyo: idadi ya wanyama, ongeza kimoja.

Naangalia pia miguu inakanyaga nini. Bwawa la zege la pengwini katika bustani ya wanyama ya London, lililochorwa na msanifu Berthold Lubetkin mwaka 1934, linasifiwa hadi leo na wasanifu majengo, lakini pengwini waliondolewa mwaka 2004. Uzuri wa zege unaonwa na mgeni. Mnyama anausikia kwenye nyayo. Vivyo hivyo miamba ya saruji iliyopakwa rangi humpendeza anayepiga picha, ilhali wavu wa chuma tunaouita gereza humpa tumbili ukuta mzima wa kupandia, jambo ambalo kioo hakimpi.

Wakati wa kuandika, nagawa mapendekezo kwa gharama: yanayowezekana wiki hii bila fedha, yanayotaka fedha kidogo, na yanayotaka kujenga upya. Mfano:

"Sakafu yote iliyo wazi kwa wageni ni zege, sikuona chumba cha usiku, kwa hiyo sijui kilichomo. Magogo mawili ya kupandia yanatumika sana, yasiondolewe. Wiki hii: nyama ifichwe sehemu tano badala ya kutupwa mahali pamoja, na saa ya kulisha ibadilishwe. Baadaye: mchanga wa kina cha sentimita 30 kwenye robo ya eneo, na jukwaa la kivuli lenye njia mbili za kupandia ili asiyetawala asibanwe kona. Swali: je, wanyama wanaruhusiwa kuingia na kutoka chumba cha ndani muda wote?"

Sentensi ya magogo si kupaka mafuta. Kizuri kisipotajwa, ukarabati ukifika ndicho kinachong'olewa kwanza. Neno "wanateseka" silitumii. Nikiona kidonda wazi, chombo cha maji kikavu au mnyama aliyenasa, siandiki tathmini. Namwambia mhudumu papo hapo, na akikaa kimya naenda ofisini, kisha kwa mamlaka ya wanyamapori.

Picha ninazoambatanisha ni tatu: banda zima kutoka kwenye njia ya wageni, sehemu yenye kasoro, na sehemu nzuri kuliko zote. Sura ya mhudumu naifuta. Mwenye ndoo na fagio hakuchora banda wala hapangi bajeti, lakini ndiye anayepigiwa kelele kila picha inaposambaa.

Maoni naanza kumpelekea msimamizi, na nampa mwezi. Muda ukipita narudi saa ileile na siku ileile ya juma, kwa sababu Jumapili yenye mabasi ya wanafunzi haiwezi kulinganishwa na Jumanne tulivu, na natia tena alama 30. Alama 11 zikishuka hadi 4, hiyo naiandika kwa herufi zilezile nilizotumia kukosoa.