Skrubu zisizovutwa na sumaku kwa vyombo vya ndege ya kuunda nyumbani

Dira imefungwa kwa skrubu tatu za brasi na moja ya chuma, iliyookotwa kwenye kopo kwa kuwa ya nne imedondokea chini ya sakafu ya ndege: hiyo moja inatosha kuivuruga dira. Kosa ni jepesi kufanyika, maana chuma kilichopakwa kadmiamu ya rangi ya dhahabu hufanana na brasi, hasa ukiwa umelala chali chini ya paneli na taa mdomoni. Rangi haisemi ukweli, na lebo ya pakiti haisemi kila kitu. Pima kila kipande, nati na washa zikiwemo.

Kabla ya kununua chochote, chukua rula. Nguvu ya sumaku ya kipande kidogo hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, inabaki moja ya nane. Skrubu iliyo sentimita 5 kutoka kwenye kihisi cha dira ina athari mara 216 kuliko ileile ikiwa sentimita 30. Ndiyo maana hakuna haja ya kubadilisha kila boliti ya ndege. Zinazokuhusu ni zile zinazoshika dira na magnetometa (kihisi cha dira ya kielektroniki) yenyewe, mabano yake, na kila kitu kilicho ndani ya umbali uliotajwa kwenye kitabu cha ufungaji cha chombo chako. Nje ya hapo, boliti za kawaida za ndege, AN3 za chuma, ziachwe zifanye kazi yake.

Kwa skrubu ndogo za paneli, brasi ndiyo chaguo langu la kwanza. Skrubu ya MS35214, ya brasi iliyotiwa weusi, imetengenezwa kwa kazi za namna hii, na saizi ya 6-32 inaingia kwenye vyombo vingi vya duara. Udhaifu wake ni ulaini. Kikomo cha kukaza 6-32 ya brasi ni kama Nm 0.9, kiasi ambacho mkono wenye bisibisi nene hukivuka bila kuhisi. Kichwa kikikatika, mwili hubaki ndani ya nati nyuma ya paneli. Tumia bisibisi ndogo, na ncha yake isiwe ya sumaku.

Stenlesi ndiyo inayowadanganya wengi. Aina ya 304 haivutwi na sumaku ikiwa imetoka kiwandani ikiwa laini, lakini kichwa kinapogongwa na hesi zinapoviringishwa kwa ubaridi, sehemu ya chuma hicho hubadilika umbo la ndani na kuanza kuvutwa. Unaweza kukuta pakiti moja ina skrubu safi kabisa na nyingine zinazong'ang'ania sumaku kwenye hesi tu. Aina ya 316 ina nikeli zaidi, kwa hiyo hustahimili zaidi. Aina ya 410 huvutwa kama chuma cha kawaida, ijapokuwa inang'aa vilevile. Titani haina tatizo hilo. Bei yake ndiyo kikwazo. Nailoni siipendekezi: hulegea polepole kwa joto na mtetemo, na magnetometa iliyolegea hutoa mwelekeo wa uongo kama skrubu ya chuma.

Kupima hakuhitaji maabara. Funga sumaku ndogo kwenye uzi, iache ining'inie, kisha isogelee kwa skrubu bila kuigusa. Inayoivuta sumaku waziwazi iondoe. Zilizobaki zipime kwa simu yenye programu ya kusoma magnetometa: iweke juu ya meza ya mbao, ngoja namba itulie (dunia yenyewe hutoa kati ya maikrotesla 25 na 65), halafu zungusha skrubu karibu na kona za simu mpaka ujue kihisi kiko wapi. Hapo leta kila skrubu sentimita 1 kutoka kihisi. Namba ikihama zaidi ya mtikisiko wake wa kawaida, skrubu hiyo haifai. Geuza na upande wa pili: ncha moja ikipandisha namba na nyingine ikiishusha, skrubu imeshageuka sumaku, mara nyingi kwa sababu ya bisibisi yenye ncha ya sumaku.

Wanaochagua skrubu vizuri hukwama kwenye vitu vinavyojificha nyuma yake. Nati za K1000 zinazorivetiwa kwenye bamba ni za chuma. Vibanio vya bati la springi vinavyoshika ukingo wa paneli ni vya chuma pia. Riveti ya kuvuta ya alumini inaweza kuacha kipande cha msumari wa chuma ndani yake, kisichoonekana kabisa baada ya rangi. Washa ya AN960 isiyo na herufi ni ya chuma. Yenye D ni ya alumini, yenye C ni stenlesi. Kwenye boliti za AN, kichwa chenye alama ya msalaba au nyota ni chuma, kistari kimoja ni stenlesi, viwili ni alumini.

Boliti za alumini zisivuke mipaka yake. Miongozo ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inaelekeza zilizo nyembamba kuliko robo inchi zisitumike kwenye muundo mkuu. Sanduku la kilo 2 likitupwa mbele kwa 9 g (mara tisa ya uzito wake) huvuta kwa nguvu ya kilo 18, kwa hiyo trei ya redio ifungwe kwa boliti imara, na kama ni ya chuma, sogeza magnetometa, si boliti.

Brasi ikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Weka washa ya alumini iliyopakwa rangi ya msingi chini ya kichwa, ili ikianza kuliwa iwe washa na si bamba. Stenlesi ndani ya nati ya stenlesi hung'ang'aniana hadi ikwame. Paka mafuta ya kuzuia hilo na ukaze taratibu.

Ukishafunga, washa kila kitu kimoja kimoja ukiangalia mwelekeo: taa, redio, kipasha joto cha pito (bomba la kupimia mwendo wa hewa), mota ya flapu. Waya wa ampea 1 ulio sentimita 10 kutoka kihisi hutoa maikrotesla 2. Pale ambapo nguvu ya mlalo ya dunia ni 25, ni karibu nyuzi 4 na nusu. Tiba yake ni kusokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja. Kisha peleka fimbo ya usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Mwelekeo ukicheza, kuna fimbo au boliti ya chuma inayotembea karibu na magnetometa iliyofungwa bawani, na hiyo hakuna usawazishaji wa programu utakaoifuta, kwa kuwa haikai mahali pamoja.