Mwiko umehamia Ames

Jumapili, 8 Septemba 2024

Sauti imenikauka. Jana nimepiga kelele hadi jirani akagonga mlango, na yote kwa sababu ya futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao nilipofika nchi hii niliuona kama ugomvi wa wanaume waliovaa magodoro.

Tunaishi Des Moines. Kijana wetu anasoma Chuo Kikuu cha Iowa, kule Iowa City, kilomita kama 180 kuelekea mashariki. Dada yake yuko Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mjini Ames, ambako ni pua na mdomo kutoka hapa. Kwa majina hayo nilidhani ni chuo kimoja chenye matawi mawili. Nikalisema hilo kazini siku moja, na sirudii tena. Wa Iowa City ni Hawkeyes, nyeusi na dhahabu. Wa Ames ni Cyclones, nyekundu na dhahabu. Jimbo zima halina timu ya ligi kuu ya kulipwa, kwa hiyo ushabiki wote unamiminwa juu ya vijana wa vyuo. Kwa ndugu zangu wa Songea niseme hivi: nyumbani kwangu kuna Simba na Yanga, na baba nimekatazwa kuvaa rangi yoyote kati ya hizo.

Hukutana mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba, na mshindi hukaa na kombe la Cy-Hawk. Cy ni yule ndege mwekundu wa Ames, Hawk ni mwewe wa Iowa City. Walianza kumenyana 1894, lakini baada ya mechi ya 1934 walinuniana wasicheze tena hadi 1977. Miaka 43! Na hapo hawakuhama hata jimbo. Waliporudiana ndipo kombe likaletwa, na Hawkeyes wakalichukua kwa 12-10.

Jana ilikuwa zamu ya Iowa City, uwanja wa Kinnick, watu karibu 70,000, kijana wetu akiwa mmoja wao. Robo ya kwanza ilipokwisha nikamwita mama watoto aache jikoni aje aone lile jambo. Hospitali ya watoto ya chuo imejengwa pembeni mwa uwanja, ndefu, na ghorofa za juu zinautazama uwanja moja kwa moja. Watoto wanaougua husogezwa madirishani. Basi tangu 2017 kila robo ya kwanza ikiisha, uwanja wote unageuka, mashabiki wa timu zote mbili, wachezaji na waamuzi, wanawapungia mikono. Mke wangu huwa haongei hapo. Hurudi jikoni tu.

Kuna kisa cha 2019 kinachohusu hospitali hiyo hiyo, nacho ndicho kilichonifanya niuelewe upinzani huu kwa Kiswahili. Mwaka ule mechi ilikuwa Ames, na kipindi kikubwa cha televisheni kikaja kurusha matangazo asubuhi. Shabiki mmoja wa Cyclones akanyanyua bango akiomba watu wamtumie hela, bia yake imeisha. Utani mtupu. Hela zikaanza kuingia, zikazidi bia yoyote ambayo mtu mmoja angeweza kunywa, naye akatangaza kuwa anazipeleka kwa watoto wa ile hospitali. Ya wapinzani! Kampuni nazo zikaongezea, mwisho zikafika karibu dola milioni 3.

Kwetu mtani ndiye anayekuja msibani akalala kaburini kabla ya marehemu, akagoma kutoka hadi apewe kitu, watu wakacheka katikati ya kilio. Na ndiye huyo huyo anayeshika jembe. Tangu kisa kile siwaiti tena maadui. Ni watani wa jadi, na hao wa Iowa City nao wana visa vyao: chumba cha kubadilishia nguo cha wageni pale Kinnick kimepakwa rangi ya waridi, kuta mpaka vyoo. Ni wazo la kocha wao wa zamani Hayden Fry, aliyekuwa amesomea saikolojia.

Binti yangu alipochagua Ames nilimuuliza kwa nini asimfuate kaka yake. Akaniambia, baba, nenda kasome habari za Jack Trice. Nikaenda. Alikuwa mwanamichezo wa kwanza mweusi wa chuo kile. Oktoba 1923, usiku wa kuamkia mechi na Chuo Kikuu cha Minnesota, aliandika barua hotelini kwamba heshima ya watu wake, ya familia yake na yake mwenyewe iko mashakani, na kwamba kila mtu anamtarajia afanye makubwa. Kesho yake akaumia bega mapema, akaendelea kucheza, akakanyagwa. Siku mbili baadaye akafa, ana miaka 21. Barua ilikutwa kwenye mfuko wa koti lake. Wanafunzi walidai kwa miaka mingi uwanja upewe jina lake, na 1997 ukapewa. Kinnick naye, Nile Kinnick, alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, 1939, akafa 1943 ndege yake ya kijeshi ilipoanguka baharini karibu na Venezuela. Ana 24. Sijawahi kusikia shabiki wa upande wowote akitania jina la uwanja wa mwenzake.

Nirudi kwenye kombe, maana nina kinyongo nalo. Mwaka 2011 chama cha wakulima wa mahindi, ambacho ndicho mdhamini, kilizindua kombe jipya: sanamu ya mkulima, mkewe na watoto, wamezunguka kikapu cha mahindi. Jimbo likacheka hadi likalia. Mpira uko wapi hapa? Haikupita muda likaondolewa, na 2012 likaja hili la sasa. Mimi nimezitazama picha zake mara nyingi. Baba, mama, watoto, mahindi. Jimbo hili linaongoza Marekani nzima kwa mahindi, nalo likaona aibu kuyanyanyua juu ya kichwa! Hata kama ni ya njano, ya kulishia nguruwe na kutengenezea mafuta ya magari.

Ndiyo maana nyumbani tuna kombe letu. Ni mwiko wa ugali ambao mama yangu alinipa siku naondoka Songea. Chuo kikishinda, mtoto wake anakaa nao mwaka mzima, na kwa anayeshindwa, kuushika usio wake ni mwiko. Mwaka jana Hawkeyes walishinda 20-13, ukaenda Iowa City.

Jana hadi mapumziko walikuwa wanaongoza 13-0 na kijana ameshatutumia picha ya mwiko umefungwa utepe mweusi. Kipindi cha pili mambo yakabadilika. Cyclones wakatupa pasi moja ya yadi 75, ikawa kukimbizana, na zikiwa zimebaki sekunde sita wako nyuma 19-17. Mpigaji wao akaupiga mpira kwa mguu kutoka yadi 54 mbele ya milingoti ya goli, karibu nusu ya uwanja. Ukapita. 20-19. Baba asiye na rangi nikajikuta juu ya kochi.

Kijana amefika leo adhuhuri, kimya, ameufunga mwiko kwa taulo jeusi. Mama yake akafungua. Ncha imeungua, nyeusi tii, na kuna ufa mdogo. Tukampigia dada yake kwa video aone kombe lake. Akalitazama muda mrefu.

"Kaka," akasema, "kwanza uoshe."