Mlingoti wa mkonge umenipunguzia gharama za fito

Jamani wenye bustani, kabla hujatoa hela ya fito za kuegeshea matango na maharage ya kutambaa hebu angalia kwanza kando ya njia. Mi niko huku Korogwe, na mkonge Tanga nzima umejaa, toka Mjerumani alivyouleta mwaka 1893. Kila mtu anaujua kwa katani, ila ule mlingoti unaochomoza katikati mmea ukishazeeka wengi wanauacha tu uanguke. Mkonge unachanua mara moja halafu unakufa, kwahiyo ukikata mlingoti uliokwisha kauka hujaua mmea (ila kama uko kwenye shamba la mtu omba ruhusa, usijikatie tu). Mrefu mita 4 au 5 hivi, mwepesi mpaka mtoto anaubeba begani, nje mgumu ndani kama sponji. Mmoja natoa nguzo mbili.

Adui yake mchwa. Ile ncha inayoingia ardhini naibabua kwenye moto mpaka iwe nyeusi tii, inachelewesha kuliwa, lakini hesabu msimu mmoja, ukipata miwili mshukuru Mungu.

Kamba pia sinunui, naenda kwenye migomba navua yale maganda makavu ya nje naloweka kidogo yalainike halafu nachana vipande upana wa kidole, yaani laini, hayakati shina kama waya au kamba ya manila. Funga kwa mfano wa namba 8, nguzo upande huu shina upande ule, usikaze maana shina linanenepa.

Kuna kitu msimu uliopita kiliniuma sana. Nilikosa milingoti nikakata mabingobingo mabichi nikachomeka hivyohivyo, wiki ya tatu naona macho yanachipua kwenye kila pingili, nikasema acha yatatoa kivuli, kumbe yanashusha mizizi yananyang'anya maharage maji na samadi, tuta zima likawa njano. Miti ya muhogo nayo ni hivyohivyo. Kausha juani mpaka ukivunja inalia kah! ndo uchomeke.

Sasa hivi nina nguzo 14 za mkonge, sijalipa hata mia. Leo asubuhi nimekuta tango moja kikono chake kimejisokota mara tano kwenye ganda la mgomba nililofunga Jumamosi, kimekaza kabisa, nikavuta kidogo kikagoma.