Alhamisi ya mwisho ya kidato cha tano

Saa kumi na moja alfajiri. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na aliyekuwa zamu aliigonga kama anayelipiza kisasi. Njombe mwishoni mwa Mei maji yaliyolala kwenye ndoo yanauma, huogi, unajipaka. Mimi ni mtoto wa Muheza, mkoani Tanga. Kwetu mtu akisema leo baridi, ujue kuna feni imewashwa. Julai mwaka jana, wiki yangu ya pili hapa, nilitoka bwenini nikakuta nyasi za uwanja wa mpira zimekuwa nyeupe, nikauliza kwa sauti nani kamwaga chumvi. Jina likanikaa. Mpaka leo kuna watu shuleni hawajui naitwa nani, wanajua Chumvi.

Saa kumi na mbili, usafi. Bweni letu lilikuwa na zamu ya vyoo. Tusiyaseme.

Saa moja na nusu tukawa mstarini, kila mtu kavaa sweta mbili, moshi ukitutoka midomoni. Mwalimu wa zamu akatangaza kwamba tunafunga kesho, na hakuna atakayeshika ripoti yake kabla hajarudisha vitabu na vifaa vyote vya shule. Alisema kwa Kiswahili. Mwaka mzima ukikutwa unaongea Kiswahili darasani unashika fagio, lakini siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameshachoka na Kiingereza chetu.

Saa tatu hadi saa sita nilikuwa maabara, kwa sababu wanafunzi wa CBG tuliachiwa kuosha vyombo. Hapa lazima niseme ukweli: CBG sikuitaka. Niliweka HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, namba moja, majina yalipotoka nikajikuta kwenye Kemia, Baiolojia na Jiografia, tena katika mkoa ambao nilikuwa nausikia kwenye habari za hali ya hewa tu. Baba alisema nenda, kubadilisha tahasusi utabadilisha hukohuko. Nilipofika dirisha la kubadilisha lilikuwa limefungwa.

Muhula wa kwanza nilikuwa naharibu taitresheni kila wiki. Asidi iko kwenye bureti, besi kwenye chupa chini na matone mawili ya kiashiria, na kazi yako ni kufungua koki mpaka rangi igeuke kutoka njano kwenda chungwa. Rahisi kusema. Mimi nilifungua koki kama bomba la uani, rangi ikapita chungwa ikawa nyekundu, naanza upya, asidi inaisha, muda unaisha. Mwalimu alisimama nyuma yangu siku moja akasema, "Tone, binti. Tone." Isitoshe nilikuwa sijui chungwa wanayoitaka ni ipi. Machungwa ya kwetu hata yakiiva hubaki kijani, kwa hiyo rangi ya chungwa nimekuja kuijulia Njombe.

Kwenye mtihani wa kumaliza mwaka nilipata 24.10, 24.20 na 24.10. Niliangalia hizo namba kama mtu anayeangalia picha yake mwenyewe. Alhamisi ile nikiwa nasuuza bureti nilijikuta naifuta taratibu, halafu nikaiangalia kama ina ufa. Haikuwa na ufa. Nikaipanga kwenye kabati na zenzake, nikatoka.

Saa saba tulikula wali maharage, siku ambayo ratiba inasema ugali. Foleni ilifika hadi kwenye matanki.

Saa nane ripoti. Mwalimu wa darasa anaita jina, unakwenda mbele, unapokea, unarudi bila kuifungua, na kila mtu anakutazama uso. Nilikwenda kuifungulia nyuma ya bweni. Jiografia B, Baiolojia D, Kemia D. Mbili, nne na nne, pointi kumi, divisheni tuu. Pointi zikipungua ndiyo umepanda: Desemba nilikuwa na tatu ya pointi kumi na tano, Kemia S, hatua moja tu juu ya F. Nilihesabu mara tatu kwa vidole. Chini kabisa, BAM: F. Nikakunja karatasi.

BAM ni hesabu ndogo ambayo watu wa CBG tunasoma pembeni, na kila mtu hujiambia haiingii kwenye pointi. Kweli haiingii. Lakini baba anasoma ripoti kuanzia chini kwenda juu.

Saa kumi alasiri mama wa rafiki yangu alikuja kumchukua. Tunalala deka moja mwaka mzima, yeye juu mimi chini, na blanketi langu la pili ni lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia mwanawe: "Ndiye Chumvi huyu?" Akanishika mikono yote miwili na kunisalimia tena kikwao, kamwene, nikajibu nilivyofundishwa, akacheka mpaka akakaa. Alikuwa amekuja na kiroba cha viazi nimpelekee mama yangu. Nilimshukuru huku nikipiga hesabu kichwani: basi alfajiri, Makambako, Kitonga, Mikumi, nashuka Chalinze na tranka, nadaka gari la Tanga. Na viazi.

Lakini huwezi kumwambia mama wa watu kwamba viazi vyake vizito. Aliniuliza likizo nafanya nini. Nikamwambia Juni ndiyo machungwa, shangazi anauza barabarani Muheza pale, mabasi yakisimama unakimbia na tenga dirishani, mwenye mguu mzito anarudi nalo. Asubuhi machungwa, jioni tuisheni mjini Tanga, Julai narudi kidato cha sita, mwezi wa tano mwakani mtihani wa taifa. Rafiki yangu akasema nimletee machungwa ishirini, yawe kijani, anataka ahakikishe kama huwa naongopa.

Saa mbili usiku bweni zima lilikuwa tranka wazi. Watu wanagawana sabuni iliyobaki, wanadaiana mia tano za Oktoba, mmoja analia na hasemi kwa nini. Kitanda cha juu kilikuwa kimebaki chaga tupu.

Saa nne kasoro, taa zikikaribia kuzimwa, tranka langu lilikuwa halifungi. Nilikaa juu yake, halikufunga. Nikapunguza nguo, halikufunga. Ama viazi ama madaftari. Nikatoa manne ya BAM, yale makubwa, nikayafunga kwa kamba kuyabeba mkononi hadi Muheza. Komeo likaingia.

Naandika haya nikiwa nyumbani. Viazi tulikaanga jana. Madaftari niliyasahau kwenye kiti cha basi pale Chalinze, na baba bado hajauliza.