Uzito kwenye Mguu Mmoja

Jumamosi, Beijing. Leo asubuhi nimerudi kutoka bustani ya Hekalu la Mbinguni nikiwa na utulivu ambao sikuwa nao mwezi wa tatu, nilipoanza kufanya mazoezi ya taichi pamoja na wazee wa pale. Wakati huo nilikuwa nikilala saa mbili au tatu tu kwa usiku, mgongo ukiniuma kwa kukaa kutwa nikiandika tasnifu, na kila simu iliyotoka nyumbani Tanga ilinishtua kabla sijaipokea, kwa kuwa habari ya msiba wa baba ilinifikia kwa simu ya alfajiri.

Bibi anayetufundisha hapendi taichi iitwe kupunga mikono. Hutukumbusha kwamba ni sanaa ya mapigano, iliyokuzwa na ukoo wa Chen katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, kuanzia karne ya 17, na kwamba Yang Luchan alijifunza huko kabla ya kuja kuifundisha hapa Beijing. Sisi hufuata mfululizo wa miondoko 24 uliotungwa mwaka 1956 ili watu wa kawaida waweze kujifunza, nao huchukua kama dakika sita.

Dakika sita hizo zilinishinda kwa wiki nyingi, na tatizo langu halikuwa mikono bali miguu. Katika taichi mguu mmoja hujaa na mwingine huwa mtupu. Huruhusiwi kunyanyua unyayo mpaka uzito wote uwe umetua kwenye mguu wa pili, goti likiwa limekunjwa kidogo na mabega yakiwa yamelegea. Mimi nilikuwa naukimbilia mguu wa mbele. Siku moja bibi alinishika kiunoni kwa kiganja chake kikavu, akanizuia katikati ya hatua, akanifanya nigusishe kisigino chini bila kukikanyagia, kama paka anayejaribu ardhi, nikakaa hivyo mpaka paja la nyuma likaanza kutetemeka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebana pumzi, na nadhani nilikuwa nimeibana kwa miezi.

Tangu siku hiyo sikushangaa tena kwamba utafiti uliofanyika Oregon, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwakuta wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayotetemesha mwili na kuyumbisha mwendo, wakinufaika: waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara zaidi kuliko wenzao waliofanya mazoezi mengine. Mgongo wangu nao umepoa, ingawa usingizi ulichelewa zaidi kurudi.

Leo tulikuwa katika mwondoko wa mikono ya mawingu, imepita saa nne kidogo, nyumbani ikiwa alfajiri, simu ilipotetema mfukoni mwa koti langu. Mguu wa kushoto ulikuwa hewani. Niliutua, nikauhamishia uzito wote, ndipo nikauvuta wa kulia, viganja vikiendelea kupishana mbele ya uso na tumbo, nami nilikuwa bado napumua. Nilipomaliza nikasogea chini ya mti, nikapiga. Mama alikuwa ametoka kusali, akataka kujua kama baridi imekwisha kuanza huku na kama nina koti la kunitosha.