Nilivyosoma sheria ya data mwenyewe mpaka namba ya khala ikafutwa

Siku ya sita baada ya tarehe ya kulipa mkopo wangu wa apu ya simu kupita, khala yangu (dada ya mama) wa Kilifi alinipigia saa moja asubuhi, sauti iko chini kabisa. "Mwanangu, kwani umeniandikisha mdhamini?" Kumbe ametumiwa meseji na watu wa mkopo wa simu, jina langu limeandikwa lote, eti nimekimbia deni na yeye anihimize nilipe. Deni lenyewe elfu nne za kutengenezea friji. Wakamtumia na mwalimu wa mtoto, na kijana anayeniletea samaki. Deni nililipa siku ileile, lakini ile hofu ya khala iliniuma sana, na meseji bado zikawa zaingia kwake hata baada ya kulipa.

Kila niliyemuuliza ananiambia, si ulibonyeza nakubali mwenyewe apu ilipoomba kuona namba zilizo kwa simu yako, sasa huna lako. Nikasema wacha nione sheria yenyewe yasemaje. Nikaingia kwa Kenya Law, tovuti yenye sheria za Kenya, nikapata Sheria ya Kulinda Data (yaani taarifa za mtu, kama namba yake ya simu) ya 2019, ni bure kabisa, nikaisoma usiku tatu watoto wakishalala. Kiingereza chake kigumu, kwa hivyo nlikuwa na daftari, kila kifungu nakiandika kwa Kiswahili changu, nikishindwa kukiandika basi najua sijakielewa narudi tena juu.

Kifungu cha 26 kinataja haki za mwenye data, yaani yule ambaye taarifa ni zake: kuambiwa data yake inatumika vipi, kuiona, kuikataza isitumike, kurekebishiwa, kufutiwa ile ya uongo. Cha 32 kinasema kama kuna ubishi juu ya kukubali, mzigo wa kuthibitisha ni wa yule anayetumia data, si wangu. Lakini pale nliposimama ni cha 28, kwamba data ichukuliwe kutoka kwa mwenyewe moja kwa moja, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Nikakisoma mara nne. Manake namba ya khala ni data ya khala! Mimi naweza kukubali yangu, siwezi kumkubalia yeye, na yeye hajawahi hata kuiona hiyo apu. Hapo nikajua nlikuwa naanzia pabaya, nlikuwa najitetea mimi mdaiwa wakati mwenye haki kubwa zaidi ni yeye asiyekopa hata senti.

Halafu nikakuta kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, nazo zinakataza wazi kuingia kwenye orodha ya namba za mteja ili kuwatumia watu meseji akichelewa kulipa. Na 2023 Kamishna wa Data, yule anayesimamia hii sheria ya data, aliwahi kumpiga faini mkopeshaji mmoja karibu milioni tatu kwa mambo hayahaya. Sasa nina cha kushika mkononi.

Jumamosi nikaenda Kilifi. Tukaandika barua kwa jina la khala, si langu, aya tatu tu: hii ni namba yangu, sikuwapa mimi, ifuteni na mniambie mliipata wapi, tukataja kifungu cha 26 na cha 28 na zile kanuni za Benki Kuu. Khala akaisikiliza yote, akasema ile "tafadhali" ya mwisho iondoke, nikaiondoa, akatia sahihi. Tukaipiga picha pamoja na skrinshoti za meseji zenye tarehe na saa (hizo msifute hata kama zinaudhi, ndiyo ushahidi), tukatuma kwa imeili iliyo kwenye sera yao ya faragha, na chini tukasema wasipojibu tunapeleka lalamiko kwa Kamishna chini ya kifungu cha 56. Lalamiko lenyewe laweza kuwa hata la mdomo, watu wa Kamishna wanaliandika wao, na sheria inawapa siku 90 kulimaliza, mambo ambayo sikuyajua kabla.

Siku ya tano wakajibu, namba imefutwa, wanaomba radhi. Walipoipata hawakusema. Meseji zimekoma kwa khala na kwa wale wengine pia, na mimi nimeingia kwa setingi za simu nikaondoa ruhusa ya namba kwa kila apu isiyohitaji.

Sai nasoma kifungu cha 48, kile cha kupeleka data nje ya Kenya, sababu ile sera yao inasema taarifa zetu zinahifadhiwa ng'ambo, na barua ya pili nataka kuwauliza hilo.