Nauli 150, Chakula 0

Juzi mwanangu alipanda juu ya kiti kutafuta mkoba wangu wa mgongoni kwenye kabati. Yeye na wenzake wamepanga kuzunguka visiwa vya Lamu likizo hii, na mifuko yao ni mifuko ya wanafunzi. Mkoba aliupata, na ndani yake akakuta daftari. Nilikuwa jikoni nikamsikia akipiga kelele za furaha: "Mama! Julai 2008, siku nzima umetumia shilingi 150! Nauli 150, chakula 0, malazi 0. Ulifanyaje?"

Nikamwambia nitamweleza nikimaliza kukaanga vitunguu. Vitunguu vikaiva, nikajitafutia kazi nyingine.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Mbili za kwanza nilizimalizia Amu, yaani mji wa Lamu, na kandokando yake. Nililala juu ya dari chini ya makuti, nikatembea kwa miguu mpaka Shela, na mpaka Matondoni kutazama mashua zikiundwa. Siku moja nilivuka kwenda Manda kuona magofu ya Takwa, mji ulioachwa na watu wake karne ya 17. Nilikaa saa nzima chini ya ile nguzo iliyosimama juu ya kibla cha msikiti, peke yangu na ndege. Kila jioni nilitoa daftari nikaandika kila senti iliyotoka. Nilijua bei ya kila kitu, na nilijivunia kuijua.

Kisha nikataka kwenda kisiwa cha Pate, nifike mji wa Siyu, nione ngome yake.

Asiyepajua aelewe jambo moja. Mashua zinazotoka Amu kwenda Pate hupitia Mkanda, ule mkondo mwembamba ulio baina ya Manda na bara, mikoko huku na mikoko huku. Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakianza kupwa, lazima uzunguke nje, baharini wazi, na Julai ni msimu wa kusi, upepo mkali utokao kusini. Mwenye mashua iliyosheheni watu na mizigo hatamani kwenda nje wakati wa kusi. Kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa na maji. Mimi hilo nililijua kwa kuambiwa tu, nilikuwa bado sijalionja.

Tulitakiwa kuondoka saa moja asubuhi. Nilipofika gatini, baharia akaniambia nauli ni 200. Nilikuwa nimesikia wenzangu wote wakilipa 150, na nikaona ninatozwa kwa sababu ya mkoba na lafudhi ya bara. Nikakataa. Akakataa. Nikasimama mguu mmoja gatini, mwingine kwenye ukingo wa mashua, nikieleza haki yangu kwa sauti. Nyuma yangu vijana walikuwa bado wakipakia mifuko ya saruji, mmoja mmoja, mgongoni. Mzee mmoja aliyekaa ndani akasema, "Mpokee basi, maji yaenda." Nahodha hakusema neno, alikuwa akitazama nguzo za gati pale maji yalipokuwa yamefika na pale yalipokuwa sasa. Mwisho baharia akachoka, akapokea 150. Nikaingia nikakaa, moyo umeniridhika. Muda si mrefu saruji nayo ikaisha, tukang'oa nanga. Saa mbili na nusu.

Ndani ya Mkanda mashua iligusa chini kwa ulaini, kama mtu anayekaa kitako. Nahodha akazima mashine. Vijana wakashika pondo wakasukuma, kisha wakashuka wakasukuma kwa mabega, tope likiwafika magotini. Haikusogea. Mtu akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa kwa uchovu ule: "Tumepwelewa."

Maji yalituacha polepole. Kwanza ilionekana mizizi ya mikoko, kisha tope jeusi linalong'aa, kisha kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakatoka mashimoni maelfu, wakilipunga. Mashua ikalala upande kidogo kidogo, sote tukahamia upande wa pili. Hakuna upepo unaoingia mle. Harufu ilikuwa ya dizeli na tope na papa mkavu. Mpaka leo nikipita karibu na jenereta baada ya mvua, nasimama.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, buibui lake limefifia mabegani, kikapu cha ukili mapajani. Hakulalamika tangu asubuhi. Jua lilipofika utosini alinigeukia, akaniuliza kama nina saa. Nikamwambia saa saba kasoro. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi sasa wamswalia."

Nikamuuliza nani.

Kaka yake. Alikuwa amefariki usiku huko Siyu, na maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Yeye alikuwa akienda amwone uso kabla jeneza halijatoka nyumbani, kwa kuwa makaburini wanawake hawaendi. Ndugu wa tumbo moja, waliobaki wawili. Aliyasema hayo akinitazama mimi na si tope, kwa upole, kana kwamba ni mimi niliyefiwa.

Sikupata neno. Noti ya 50 ilikuwa mfukoni mwa shati langu, naihisi.

Baadaye akafungua kikapu. Mlikuwa na mikate miwili ya mofa na vipande vya papa mkavu, vimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Nadhani ilikuwa zawadi ya kufika nayo msibani. Akaikata mikate kwa mkono, akawapa watoto wawili wa mwanamke mwingine, akampa mzee yule aliyesema maji yaenda, kisha akaniwekea nusu mkate kiganjani. Nikamwambia nimeshiba. "Ndoo ule, mwanangu," akasema, "maji yana safari ndefu kurudi." Nikala. Mkate ulikuwa mgumu pembeni, mtamu katikati, na papa alikuwa na chumvi mpaka macho yakanitoka machozi, nikashukuru kwamba kuna chumvi ya kusingizia. Yeye hakula.

Maji yalirudi jua likizama. Mashua ikatikisika, ikajiinua, watu wakasema alhamdulillahi. Nahodha alimjia yule mama akamwomba radhi, akasema saruji ndiyo iliyotuchelewesha. Alisema saruji. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na alinipitisha macho bila kunitaja. Mama akamjibu, "Mngu hakuandika nimwone."

Mengine yalikwenda haraka. Tulishuka Mtangawanda usiku, tukatembea mpaka Siyu kwa mwanga wa kurunzi, kijana wa kwao akaupakia mkoba wangu juu ya punda pamoja na kikapu chake. Nilitaka kutafuta pa kulala, mama akakataa kabisa. Nikalala kwenye jamvi katika nyumba ya matanga, katikati ya wanawake waliokuwa wakilia kwa zamu, na asubuhi nikapewa chai kama mtu wa nyumbani. Ngome niliiona. Wenyeji wanakwambia ni mikono yao iliyoijenga, si ya Wareno wala ya Waomani, na wanaposimulia hujinyoosha. Niliitazama kwa muda mfupi sana. Nilimuaga mama nikiwa nimekusudia kumwambia habari ya gatini, akanishika mikono yote miwili akaniombea safari njema, nikaondoka sijamwambia.

Miaka yote hii nimejaribu kupiga hesabu: dakika ngapi zilikuwa za saruji, ngapi zangu. Huenda hata bila mimi tungepwelewa.

Jana usiku mwanangu alirudi na daftari na kalamu, ananakili matumizi yangu apate mfano wa bajeti yake. Amefika ukurasa ule. Nikamwomba kalamu. Mbele ya chakula nikaifuta sifuri, nikaandika: nusu mkate wa mofa, kipande cha papa. Mbele ya malazi nikaandika: jamvi, nyumba ya matanga, Siyu. Mbele ya nauli kalamu ikasimama. Akaniuliza, "Kwani hapo si 150?"